Dang'a, Uji na Ubongo wa Mtoto

Maswali ya wasomaji na majibu ya daktari

Barua zilizochaguliwa safari hii zimetoka Dodoma na wilaya zake. Kila moja, kwa njia yake, inauliza kama ni kweli kwamba bakteria wanaoingia tumboni mwa mtoto mchanga wana mkono katika kujengeka kwa ubongo wake na katika utulivu wa nafsi yake atakapokuwa mkubwa. Swali la kwanza nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu aliyeliuliza anaumia, na kwa sababu majibu ya barua zinazofuata yanategemea yale yatakayoelezwa hapo.

*

Shikamoo, Daktari. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi saba, naishi Nkuhungu. Nilijifungua kwa upasuaji baada ya uchungu wa siku nzima. Mwanangu alipopata homa siku ya pili alilazwa wodi ya watoto wachanga, akachomwa sindano za antibayotiki kwa siku saba. Maziwa yangu yalichelewa kutoka, hivyo siku za mwanzo alinyweshwa maziwa ya kopo kwa kikombe, ingawa tangu hapo ananyonya vizuri. Sasa katika kundi letu la akina mama kwenye simu umesambazwa ujumbe usemao kwamba mtoto aliyezaliwa kwa kisu hukosa bakteria wa mama yake, ubongo wake hudumaa, na atakuwa mtu wa hofu na sonona maisha yake yote. Aliyeuleta ujumbe huo anauza unga wa bakteria wazuri. Silali, Daktari. Je, nimemharibu mwanangu?

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi: hapana, hujamharibu. Homa kwa mtoto wa siku mbili huenda ikawa dalili ya maambukizi yaliyoingia kwenye damu, na maambukizi ya namna hiyo huweza kuua kwa muda mfupi sana, au kumwacha mtoto hai akiwa na ubongo ulioumia kiasi ambacho hakuna bakteria mzuri wa kukirekebisha. Sindano zile zilikuwa ulinzi wa ubongo wake. Upasuaji nao, baada ya uchungu uliovuta siku nzima, kwa kawaida hufanywa ili mtoto asikose hewa. Waliokuhudumia walitanguliza uhai, na walifanya vyema.

Hata hivyo sitakuambia kwamba ujumbe ule wote ni uzushi. Umetokana na sayansi ya kweli, ila imekatwa vipande na kushonwa upya ili unga upate wanunuzi, na mimi napenda uione sayansi yenyewe kabla haijakatwa.

Mtoto akiwa katika mfuko wa uzazi, kwa kadiri wataalamu wengi wanavyokubaliana, utumbo wake hauna wakazi. Anapozaliwa huanza kupokea bakteria kutoka kwa mama yake, kwenye ngozi, katika maziwa, hewani na katika mikono ya kila anayempakata, na ndani ya siku chache huwa na mabilioni yao. Mtu mzima hubeba bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, idadi inayokaribiana na ile ya seli za mwili wake mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliolinganisha watu wa Malawi, wenyeji wa asili wa msitu wa Amazoni nchini Venezuela na wakazi wa Marekani, ulionyesha kwamba katika jamii zote tatu bakteria wa tumboni hubadilika kwa kasi utotoni, kisha huanza kufanana na wale wa watu wazima mtoto anapokaribia miaka 3. Miaka hiyo hiyo ndiyo ambayo ubongo nao hukua kwa kasi isiyorudi tena: mtoto huzaliwa na ubongo wenye uzito kati ya robo na theluthi ya ule wa mtu mzima, na anapotimiza miaka 2 umekwisha kufika karibu asilimia 80. Watafiti walipoona mambo mawili haya yakienda sambamba walijiuliza kama moja linamsaidia mwenzake.

Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka Japani. Mwaka 2004 Nobuyuki Sudo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu waliwachukua panya waliozaliwa na kukuzwa bila kijidudu hata kimoja, wakawabana kwa muda ili kuwatia msongo. Homoni za msongo ziliwapanda kupita kiasi wakilinganishwa na panya wa kawaida. Walipopewa aina moja tu ya Bifidobakteria, wale wale wanaojaa katika utumbo wa watoto wanyonyao, mwitikio wao ukawa wa kawaida. Jambo lililowagutua wengi ni kwamba kuwapa panya hao bakteria kutoka kwa panya wa kawaida kulisaidia pale tu walipokuwa bado wadogo, na waliokwisha kukua hawakubadilika. Wazee wetu walisema udongo uwahi ungali maji, na panya wale wa Japani walionyesha kwamba hata mfumo wa mwili unaoamua mtu ashtuke kiasi gani una wakati wake wa kufinyangwa.

Tangu hapo njia kadhaa ambazo tumbo hutumia kuufikia ubongo zimefahamika. Ipo neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi kwenye matumbo. Mwaka 2011 watafiti wa Cork, Ireland, waliona kwamba panya waliolishwa aina moja ya bakteria waitwao Laktobasili walipunguza woga, lakini waliokatwa neva hiyo hawakupata nafuu yoyote. Zipo pia asidi fupi za mafuta, ambazo bakteria huzitoa wanapochachua makapimlo, yaani sehemu ya chakula ambayo matumbo yetu wenyewe hayawezi kuimeng'enya. Watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walieleza mwaka 2015 kwamba seli za ulinzi za ubongo ziitwazo maikroglia, ambazo kazi yake nyingine ni kupogoa maungio kati ya seli za neva yasiyohitajika, hubaki changa kwa panya wasio na bakteria, na kwamba panya wale walipopewa asidi hizo seli zilisogea kwenye ukomavu. Mwaka uliotangulia, kundi lililofanya kazi Sweden lilikuwa limeonyesha kwamba hata ukuta unaochuja kinachotoka kwenye damu kuingia ubongoni huvuja zaidi kwa panya wa namna hiyo. Kuhusu serotonini, ambayo wauzaji huipenda sana, ni kweli kwamba karibu asilimia 90 ya ile iliyomo mwilini hutengenezwa tumboni na kwamba bakteria huchochea utengenezaji wake, lakini serotonini ya tumboni haivuki ukuta huo kuingia ubongoni, kwa hiyo anayekuambia kwamba unga wake utamwongezea mtoto furaha kwa njia hiyo ameruka hatua kubwa.

Sasa nikuonyeshe mahali ambapo mkasi wa yule muuzaji ulipita. Panya wa maabara asiye na kijidudu ni kiumbe asiyepatikana popote duniani nje ya maabara. Mwanao hakukaa hata siku moja nzima bila bakteria. Alichelewa tu kuwapata baadhi yao. Tena matokeo ya panya hayaelekei upande mmoja: utafiti mwingine wa Sweden, wa mwaka 2011, uliona panya wasio na bakteria wakiwa na woga mdogo kuliko wenzao, si mkubwa. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba ubongo uliokua bila bakteria huwa tofauti, na kutoka hapo hadi kumwambia mama fulani wa Nkuhungu kwamba mwanawe atakuwa na sonona ni safari ambayo hakuna mtafiti aliyeifanya.

Kwa binadamu, yanayojulikana yanatuliza zaidi kuliko ujumbe ulioupokea. Uingereza, mwaka 2019, watafiti walichapisha matokeo ya watoto 596. Waliozaliwa kwa upasuaji walikosa kwa siku za mwanzo baadhi ya bakteria wa utumbo wa mama na badala yake walikuwa na wale wa mazingira ya hospitali; lakini walipofikia umri wa kuanza kula, kati ya miezi 6 na 9, tofauti ilikuwa imepungua sana, isipokuwa kundi moja liitwalo Bakteroidesi lililokawia kurejea. Sweden wana kumbukumbu za kizazi kizima, na mwaka 2015 walizitumia kuchunguza watoto zaidi ya milioni 2.6. Kwa mtazamo wa haraka usonji ulionekana kuwa mwingi kidogo miongoni mwa waliozaliwa kwa upasuaji. Walipowalinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyezaliwa kwa upasuaji na mwingine kwa njia ya kawaida, uhusiano huo ukatoweka, maana yake chanzo kilikuwa katika mambo yanayowaunganisha ndugu wa familia moja, wala hakikuwa kisu. Nimewasomea akina mama wengi matokeo hayo kliniki, na nimeona mabega yakishuka.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa usomwe na kila anayeuza unga. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, watoto 89 walichunguzwa bakteria wao wakiwa na mwaka 1, kisha wakapimwa ufahamu wakiwa na miaka 2. Wengi wangetarajia kwamba wenye aina nyingi zaidi za bakteria ndio wangeongoza. Kumbe, kwa wastani, hao ndio waliopata alama za chini, na waliofanya vizuri zaidi walikuwa na Bakteroidesi wengi. Kwa hiyo hata neno jepesi kama "bakteria wazuri wengi" halina maana iliyokwisha kuthibitishwa kwa mtoto wa umri huo.

Ama unga wenyewe, usiununue. Ni kweli kwamba nchini Ufini watoto 75 waliopewa ama Laktobasili ama unga mtupu usio na bakteria katika miezi yao ya mwanzo walifuatiliwa hadi miaka 13, na matatizo ya kukosa umakini na ya usonji yalipatikana kwa wale tu waliopewa unga mtupu. Lakini watoto 75 ni wachache mno kwa hitimisho kubwa, na aina ya bakteria iliyotumika huko ilijulikana, ilipimwa na kuhifadhiwa kwa uangalifu. Kopo linalouzwa kwa mkono, lililokaa juani, huna namna ya kujua kilichomo. Kwa watoto njiti bidhaa hizi zimewahi kusababisha maambukizi ya damu, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hilo mwaka 2023.

Ulicho nacho tayari ni bora kuliko unga huo. Katika maziwa yako mna sukari za pekee, zaidi ya aina 100, ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya hata kidogo. Zipo kwa ajili ya kuwalisha Bifidobakteria wake, na baada ya laktosi, ile sukari kuu ya maziwa, na mafuta, ndizo zilizo nyingi zaidi miongoni mwa viambato vya maziwa ya mama ukiacha maji. Kila anaponyonya unawalisha wale ambao ujumbe ulidai amewakosa. Aendelee kunyonya huku akila, hadi miaka 2 au zaidi.

Na mpakate. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani walieleza kwamba watoto wa nyani waliotenganishwa na mama zao walipungukiwa Laktobasili katika siku za mwanzo za upweke. Huzuni ilishuka hadi tumboni. Ndiyo maana usingizi wako unanihangaisha kuliko upasuaji wako: mama aliyelemewa na hofu kwa majuma mengi hukosa nguvu ya kumsemesha na kumchekea mwanawe, na mtoto wa miezi saba hujenga ubongo wake kwa kusemeshwa na kuchekewa. Kama hali hii imevuka majuma mawili, mweleze nesi wa kliniki siku unapompeleka mtoto kupimwa uzito. Dodoma tuna hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, na kwenda kuonana na wataalamu wake hakumfanyi mtu kuwa kichaa, ingawa najua jina hilo husemwaje mitaani kwetu.

*

Daktari, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Dodoma. Nimesikia kwamba Wahadzabe wana bakteria bora wa tumboni kuliko watu wote duniani na ndiyo maana hawajui msongo wa mawazo. Je, tuwaige?

Wahadzabe, majirani zetu wa kuzunguka Ziwa Eyasi, wamechunguzwa sana kwa sababu baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kula ubuyu na kurina asali. Utafiti wa mwaka 2014 uliohusisha Wahadzabe 27 ulikuta bakteria wa aina nyingi kuliko wa Waitaliano waliolinganishwa nao, na jambo la kushangaza ni kwamba watu wazima hawakuwa na Bifidobakteria, ambao kwingineko husifiwa kama ndio afya yenyewe. Mwaka 2017 ilibainika kwamba bakteria wao hubadilika kwa majira: makundi fulani hufifia wakati wa masika, penye matunda pori na asali kwa wingi, kisha hurudi kiangazi. Miaka michache baadaye watoto wao wachanga walipochunguzwa, walikutwa na ile Bifidobakteria ya watoto wanyonyao, ambayo katika nchi tajiri imekuwa adimu.

Lakini tafiti hizo zilihesabu bakteria. Hazikupima msongo wala sonona. Kusema kwamba hawajui msongo ni kuwavika hadithi yetu watu wanaopoteza ardhi yao na ambao huzika watoto wachanga wengi kuliko sisi. Zaidi ya hayo, neno "bora" linadanganya, kwa kuwa bakteria wa Mhadzabe wanakifaa chakula cha Mhadzabe, nacho kina makapimlo mengi mno. Ukitaka kujifunza kwao, jifunze hilo. Ugali wa uwele au wa mtama usiokobolewa, mlenda, kunde, mbaazi na ubuyu havihitaji safari ya Eyasi. Vimo sokoni Majengo na Sabasaba. Jambo moja nitaliongeza kwa watakaosoma wakiwa na mtoto nyumbani: asali asipewe asiyefikisha mwaka 1, kwa sababu huweza kubeba mbegu za bakteria wanaolegeza misuli ya mtoto hadi ashindwe kupumua.

*

Mimi ni bibi wa wajukuu sita, niko Mvumi. Sisi tuliwapa watoto maji ya sukari kidogo wakizaliwa, dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, tukaikamua tukaitupa kwa kuwa ni ya njano na nzito, na uji mwepesi tukaanza miezi mitatu. Siku hizi nesi anakataza yote. Togwa nayo tuiache? Na hayo mambo ya ubongo yanaingiaje kwenye uji?

Shikamoo, bibi. Nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu katika nyumba nyingi za huku kwetu neno la bibi juu ya mtoto mchanga ndilo linalofuatwa, hata kama nesi amesema mengine.

Dang'a isitupwe hata tone. Unjano na uzito wake ni wingi wa kinga, na zile sukari za kuwalisha bakteria nilizozieleza kwa mama wa Nkuhungu zimo humo kwa wingi kuliko katika maziwa yanayofuata. Mtoto awekwe titini ndani ya saa 1 ya kuzaliwa na anyonye tu, bila maji, bila sukari na bila uji, hadi atimize miezi 6. Maji ya sukari na uji wa mapema humjaza mtoto akanyonya kidogo, na mara nyingi huingiza vijidudu vya kuhara. Kuhara kunakojirudia huuchubua utumbo mchanga hata ushindwe kufyonza chakula; mtoto akakosa madini ya chuma, zinki na protini katika miezi ile ile ambayo ubongo wake unavihitaji kuliko wakati wowote. Hiyo ndiyo njia ya uji kuufikia ubongo ambayo imethibitika kwa watoto wa Afrika kwa miaka mingi, kabla hata ya kuwataja panya. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na udumavu haukai kwenye urefu peke yake.

Kuhusu togwa, bibi, hapo wewe na wazee wako mlikuwa mbele. Katika miaka ya 1990 watafiti walifuatilia hapa Tanzania watoto wa chini ya miaka mitano waliokunywa togwa, na wakaona kwamba vijidudu vya kuhara vilipungua katika vinyesi vyao kuliko kwa waliokula uji usiochachuliwa. Uchachu unaotokana na bakteria wa togwa huwazuia wale wabaya kuota, na kimea chake huulainisha uji mzito, hivyo mtoto hupata unga mwingi katika kikombe kile kile bila kupaliwa. Usiiache, ianze baada ya miezi 6, upike kwa maji yaliyochemka, utumie chombo safi, na kilicholala kwenye joto la Oktoba hadi kikabadilika harufu kimwagwe.

Uji wenyewe usiwe wa unga mtupu. Katika mtaa wa wakazi maskini jijini Dhaka, Bangladesh, watoto 118 wenye utapiamlo wa kadiri, wa miezi 12 hadi 18, walipewa kwa miezi mitatu ama chakula cha tiba kilichozoeleka ama mchanganyiko mpya uliobuniwa na watafiti waliokwisha kuona kwamba bakteria wa watoto wenye utapiamlo hubaki wachanga kuliko umri wa mtoto. Mchanganyiko huo uliwalenga bakteria waliochelewa. Matokeo yalitoka mwaka 2021: walioula waliongezeka uzito kwa kasi zaidi, ingawa ulikuwa na nguvu kidogo kuliko chakula cha tiba, na katika damu yao zilipanda protini zinazohusika na ukuaji wa mifupa na wa mfumo wa neva. Kilichoonyeshwa ni ukuaji na protini za damu, si alama za darasani, kwa hiyo nisikuahidi zaidi ya hapo. Lakini tazama, bibi, kilichokuwamo ndani yake: unga wa dengu, unga wa soya, karanga zilizosagwa na ndizi mbichi. Niliposoma orodha ile mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake likitajwa mbali.

Karanga kwetu zipo, ila zina sharti. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Kuchemsha hakuiondoi na kuchachua hakutoshi kuiondoa. Karanga na mahindi ya mtoto yachambuliwe punje kwa punje kabla ya kusagwa; zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye ukungu au zilizogeuka rangi zitupwe, wala zisipelekwe kwa kuku. Kazi hiyo inataka macho yenye subira, na wajukuu wakubwa watakusaidia.

*

Daktari, nina mtoto wa kiume wa miaka mitano mwenye usonji. Naishi Kondoa. Nimeambiwa kwamba ugonjwa huo unatoka tumboni, na kuna mtu anataka kumsafisha utumbo kwa dawa ya kienyeji kila mwezi. Anachagua sana chakula, anakula wali mweupe na viazi tu, na choo chake ni kigumu. Nifanyeje?

Ndugu yangu, usikubali asafishwe utumbo. Kuharishwa kwa makusudi kunampotezea mtoto maji na chumvi, na hakuna ushahidi kwamba kunaubadilisha usonji.

Ni kweli kwamba watoto wengi wenye usonji wana shida ya tumbo, na kwamba bakteria wao hutofautiana na wa wenzao. Mzozo ulikuwa juu ya kipi kinatangulia. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walichunguza watoto 247, wakiwamo ndugu za watoto wenye usonji, na walichokiona kinafanana sana na barua yako: mtoto mwenye usonji mara nyingi huchagua chakula kwa sababu ya ladha, rangi au mguso wake, ulaji wake ukawa mwembamba, na ulaji huo mwembamba ndio unaopunguza aina za bakteria wake na kubadilisha choo chake. Miaka michache kabla ya hapo, huko Arizona, watoto 18 wenye usonji walipewa bakteria kutoka kwa watu wenye afya, na nafuu ya tumbo na ya tabia iliripotiwa. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na mzazi anayejua kwamba mwanawe anatibiwa humwona kwa macho ya matumaini. Nami ningemwona hivyo.

Choo kigumu kitibiwe, kwa sababu maumivu ya tumbo kwa mtoto asiyeweza kuyasema hutokea kama hasira, kupiga kelele au kukosa usingizi, kisha watu husema usonji umezidi. Mpe maji zaidi. Kwenye ule wali anaoupenda ongeza kijiko kimoja tu cha dengu zilizopondwa hadi zisionekane, ukae hapo wiki mbili kabla ya kuongeza cha pili. Kwenye viazi anza na viazi vitamu, ambavyo mguso wake hauko mbali na anavyovijua. Usimlazimishe wala usimnyime chakula chake ili ashike kipya. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa achunguzwe kama ana upungufu wa damu, na uombe akutanishwe na wataalamu wa mazoezi ya mawasiliano, kwa kuwa huko ndiko kwenye msaada uliopimwa, na miaka mitano bado ni mapema.

*

Nina duka la dawa muhimu Kibaigwa. Wateja wanadai antibayotiki kila mtoto anapoharisha, na nisipowapa wanakwenda duka la pili. Je, ni kweli zinaharibu ubongo?

Hilo la kuharibu ubongo usiwaambie, kwa sababu halijathibitishwa. Zipo tafiti zinazoonyesha kwamba watoto waliopewa antibayotiki mapema walikuwa baadaye na matatizo zaidi ya tabia kwa kiasi kidogo, lakini mtoto aliyepewa dawa ni yule aliyekuwa mgonjwa, na ni vigumu kuutenga ugonjwa na dawa. Na siku nyingine mteja huyo huyo atakuja na mtoto mwenye nimonia, ukiwa umekwisha kumtia hofu ya dawa itakayomwokoa. Nchini Malawi, watoto wenye utapiamlo mkali waliopewa amoksisilini pamoja na chakula cha tiba walikufa wachache kuliko waliopewa chakula peke yake, kama ilivyochapishwa mwaka 2013.

Waambie lililo hakika: kuhara kwa majimaji, kusiko na damu, mara nyingi husababishwa na virusi ambavyo antibayotiki haivigusi, na dawa hiyo huua bakteria wa tumbo waliokuwa wakisaidia, hata mtoto akaharisha siku nyingi zaidi. Mpe mama pakiti za ORS, yaani chumvi za kurudishia maji mwilini, na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa aliyetimiza miezi 6 na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu, na umwelekeze aendelee kumnyonyesha. Mwenye damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, anayetapika kila kitu, au aliyelegea hata hawezi kunyonya, usimuuzie chochote zaidi ya ORS ya kunywa njiani, kama bado anaweza kumeza. Mwandikie karatasi aende kituo cha afya saa hiyo hiyo, na kama una simu ya kituo, wapigie kwamba mtoto anakuja.